Mgonjwa Haambiwi Msiba

Wapendwa, Neno tumeshalisoma, na ninawaona wengine mmeshaanza kuchungulia dirishani kama mvua imekata. Kaeni. Nina habari ya wapasua mbao wawili, na nikimaliza nitawaruhusu. Majina yao siwapi. Nikiwapa majina mtaanza kuulizana huyo ni wa ukoo gani, kaoa wapi, na mtaacha kujitafuta ninyi wenyewe ndani ya habari hii.

Kulikuwa na wapasua mbao wawili kule nyanda za juu, kwenye baridi ya kupasua midomo. Ninyi wa rika langu kazi ile mnaijua. Gogo linapandishwa juu ya jukwaa la miti, mmoja anasimama juu yake, mwingine anasimama chini, na msumeno mrefu unapita katikati yao. Huyu anavuta, yule anavuta, kutwa nzima. Wa juu ndiye anayefuata mstari, kwa hiyo ndiye anayeitwa fundi. Wa chini kazi yake ni kuvuta na kula unga wa mbao. Basi na sisi tuwaite hivyo, Wa Juu na Wa Chini, kama kijiji chao kilivyowaita. Walikuwa pamoja tangu ujana, na kwa kazi ile ya kutoonana uso walikuwa wamejuana kuliko ndugu wa tumbo moja. Wa Chini alikuwa akijigamba, "Huyu bwana akiamka na hasira, mimi naijua kwa mikono kabla hajafungua mdomo."

Siku moja wakapandisha gogo bichi la msonobari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, miti ya jukwaa inateleza. Gogo likafika karibu na juu, likasita, kisha likarudi. Wa Chini aliruka pembeni. Wa Juu hakuwahi. Lilimkuta kiunoni.

Walimbeba kwa blanketi na miti miwili mpaka barabarani, wakapata lori, wakamfikisha hospitali. Daktari hakuzungusha maneno. Alisema uti wa mgongo umevunjika, mtu atapona, lakini miguu haitarudi kufanya kazi. Wa Chini alikuwa amesimama pale kando ya kitanda. Alipolisikia neno hilo alitoka nje, akashika ukuta.

Huko kijijini habari ilifika kabla yake. Na mnajua watu walisema nini? Walisema, "Kuliko kubaki vile, afadhali Mungu angemchukua." Mmewahi kuyasikia maneno hayo? Haya, tusidanganyane madhabahuni: mmewahi kuyasema? Wanaoyasema si watu wabaya. Ni watu wema, wanaolia machozi ya kweli, wanaobeba kuku kumpelekea mgonjwa. Hata Wa Chini aliyasema. Alimwambia mkewe, "Rafiki yangu amekwisha." Na tangu siku hiyo alimtembelea mwenzake kama mtu anayekwenda kufagia kaburi. Anaingia kwa kunyata, anasema pole, anaangalia chandarua, anasema pole tena, anaondoka.

Mtu mmoja tu hakuwa akifanya hivyo. Mama mzazi wa Wa Juu. Mama huyu alikuwa mjane, magoti mabovu, lakini kila Jumamosi alikuja na kibuyu cha togwa, anaketi, anafungua kitambaa, na swali lake lilikuwa lile lile ambalo alikuwa akimuuliza mwanawe zamani akirudi shule. "Haya baba, wiki hii umefanya nini?"

Wengine walikuwa wakitazamana. Mtu amelala hajigeuzi, anaulizwa amefanya nini? Lakini Wa Juu alikuwa na la kujibu. "Mama, Jumatano nimejigeuza upande wa kushoto bila kushikwa na sista." Na mama anapiga kigelegele humo humo wodini, mpaka wauguzi wanakuja kuona kuna nini.

Basi asubuhi moja mama yule aliinama kuchochea kuni, akaanguka, hakuamka tena.

Ukoo ulikaa. Msemaji alikuwa baba mdogo wa Wa Juu, mzee mnene wa maneno machache, anayempenda sana mtoto wa marehemu kaka yake. Na neno lake lilikuwa lile ambalo sisi wote tumezaliwa tukalikuta.

"Mgonjwa haambiwi msiba," alisema.

Wa Chini akanyoosha mkono. "Samahani baba mdogo, lakini yeye ndiye kifungua mimba. Nani atatupa mchanga wa kwanza?"

"Utatupa wewe. Si ndugu yake wa msumeno?"

"Na akiuliza mama yuko wapi?"

"Mwambie magoti." Baba mdogo akafuta macho kwa kiganja. "Mwanangu, yule sasa ni chungu chenye ufa. Ukikimiminia maji ya moto kitaachana vipande. Mnataka tuzike wawili?"

Nani angejibu hapo? Wa Chini alishuka kaburini siku ile akiwa na jambo moja tu kichwani: huyu mtu akija kujua, sitakuwa tena na uso wa kumtazama. Na asipojua, nitakuwa nimemzikia mama yake kama mwizi. Akatupa mchanga wa mwenzake. Ulikuwa udongo mwekundu, umelowa, ukamnatia vidoleni, akaenda kuunawa mtoni peke yake.

Sasa, kule kwao desturi ni kunyoa. Siku ya kuanua matanga, ukoo mzima unanyoa nywele, wake kwa waume, mpaka vipara vinang'aa. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Watu wale walikuwa wamepanga kila kitu. Walipanga nani atajibu nini. Walipanga dada mtu atengeneze togwa, kibuyu kiwe kile kile, kitambaa kiwe kile kile. Walipanga nani asiende kwa sababu hajui kuzuia machozi. Kila kitu kilipangwa, isipokuwa vichwa vyao. Walikuwa wamekaribia geti la hospitali ndipo shangazi akageuka, akawatazama, akasema, "Jamani, tumenyoa."

Wakasimama pale njiani kama kuku walionyeshewa. Baba mdogo ndiye aliyeokoa jahazi. Aliingia duka la pembeni, akatoka na kofia za sufu. Zote nyekundu, maana duka lilikuwa na rangi hiyo tu. Akagawa. Wakaingia wodini kwa mstari, wake kwa waume, vichwa vyekundu, kama timu ya mpira inayoingia uwanjani.

Wa Juu akawatazama. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akawatazama wote.

"Mama yuko wapi?"

"Magoti," alisema Wa Chini, haraka mno. "Yamemzidi. Kakutumia togwa, anakusalimu sana."

Wa Juu akapokea kikombe, akanywa. "Mwambieni nashukuru." Kisha akasema, "Baridi imezidi huko nyumbani?"

"Imezidi mwanangu, haijapata kuonekana," akajibu baba mdogo, na jasho lilikuwa likimchuruzika mpaka shingoni, maana wodini humo jua lilikuwa likipiga mabati.

Walitoka wakipongezana. Hakujua! Ashukuriwe Mungu, hakujua!

Jumamosi iliyofuata walivaa tena kofia zao, wakaingia, na mlangoni wakasimama. Wodi nzima ilikuwa vipara. Wa Juu kipara. Jirani yake, utingo wa lori aliyening'inizwa mguu kwa kamba, kipara. Mzee wa kitanda cha mlangoni aliyevunjika nyonga, ambaye wiki iliyopita alikuwa na mvi za kutosha kujaza mto, kipara.

"Kumetokea nini humu?" akauliza shangazi.

"Chawa," alisema utingo.

Baba mdogo akawaka. Alisema hospitali gani hii, alisema atamwona mkubwa wao, wagonjwa wanaliwa na chawa na serikali inaangalia. Na wote, nawaambieni ukweli, wote walishusha kofia zao mpaka masikioni, wakimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba wamezivaa, wasije wakaambukizwa.

Mnacheka. Chekeni tu, mimi mwenyewe nilicheka. Lakini jiulizeni: watu waliotoka kunyoa kwa msiba, wanaingia mahali wanakuta watu wamenyoa, na hakuna hata mmoja anayefikiri msiba? Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wameshakubaliana kwamba yule kitandani hana nguvu ya kujua kitu. Ukishamwona mtu ni chungu chenye ufa, hata akusemeshe, wewe unasikia ufa tu.

Wiki zikapita. Nywele zikaanza kuota, lakini kofia hazikuvuliwa, kwa sababu kuvua nako kungehitaji maelezo. Wengine wakapunguza kuja. Wa Chini hakupunguza, ila kila akija ilimbidi alete salamu za mtu aliyekufa, na salamu hazitoshi kuwa zile zile. Akaanza kutunga. "Mama anasema ule mboga." "Mama anasema mbuzi amezaa." Siku moja alijikuta anasimulia jinsi mama alivyomgombeza jana yake kwa kukanyaga viazi vyake, na jinsi alivyomfukuza na mwiko, na sauti ya mama ikamtoka kinywani vizuri mpaka mwenyewe akaogopa. Alipomtazama mwenzake, alikuwa amefumba macho.

"Endelea," alisema Wa Juu. "Alisema nini tena?"

Wa Chini hakuweza kuendelea. Alisingizia lori la kurudi, akatoka. Njia nzima alikuwa akijiona mchafu. Na nyumbani akakuta ukoo umepanga siku ya kuweka msalaba kaburini, na kwamba yeye tena ndiye atakayeushika msalaba badala ya mtoto wa kwanza. Safari hii alikataa. Hakumwambia baba mdogo kwamba amekataa, maana baba mdogo si mtu wa kukataliwa kirahisi. Alivaa koti lake, akaenda hospitali siku ambayo si ya kawaida yake, peke yake.

Alimkuta Wa Juu ameketi. Ndiyo, ameketi, mito nyuma, kikombe cha chai mkononi, anabishana na utingo habari za magari. Wa Chini hakuliona hilo la kuketi. Alikuwa amebeba lake. Alipiga magoti kando ya kitanda, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu," alisema, "nina neno, na ukinifukuza utakuwa na haki."

"Umechelewa," akasema Wa Juu. "Lakini karibu."

Wa Chini akainua uso.

"Najua mama hayupo," alisema Wa Juu. "Nilijua siku ile mlipoingia na kofia. Baba mdogo tangu nimjue havai kofia. Mvua ya mawe ilimkuta shambani akajifunika jembe. Leo anaingia na sufu kichwani, anatoka jasho, na shangazi naye, na wewe. Nikajiuliza ni nani huyu aliyetunyolesha ukoo mzima? Nikawapitia mmoja mmoja. Angekuwa mtu mwingine yeyote, mama angekuja kuniambia mwenyewe. Aliyekosekana alikuwa yeye."

"Lakini ulikunywa togwa. Ulisema tumshukuru."

"Ningefanyaje? Ninyi ndio mlikuwa hamjiwezi. Wewe ulikuwa unasema mbio kama unafukuzwa, baba mdogo uso umekuwa wa majivu. Nikasema, nikiwaambia najua, mzee ataanguka hapa hapa, na vitanda vimejaa."

Utingo alicheka, kisha akajizuia. Wa Chini hakucheka. Alikuwa analia bila kujificha.

"Kwa hiyo ulilia peke yako," alisema. "Wiki zote hizi."

"Peke yangu?" Wa Juu akaonyesha wodi kwa kidevu. "Mlipotoka nilijifunika shuka. Huyu jirani akaniuliza, nikamwambia. Akachukua kikombe, akakigonga kwenye chuma cha kitanda mpaka wote wakanyamaza, akasema, jamani, mwenzetu kafiwa na mama. Basi. Mwenye mguu mmoja alikuja na mguu mmoja. Wasioweza kushuka walisukumwa na vitanda vyao. Yule aliyekatwa mkono na mashine ya kukoboa alianzisha wimbo, na mzee wetu wa mlangoni, Mwislamu yule, akaomba dua kwa namna yake, na sisi sote tukaitikia. Togwa mlilosema la mama tulilinywa humu, kila mtu tone lake, ndicho kilikuwa chakula cha msiba. Kesho yake nikamwomba sista wembe, nikasema kwetu tunanyoa. Nilipomaliza, jirani akasema, nipe na mimi. Wembe ukazunguka wodi nzima."

Wapendwa, mmesikia? Hawakuwa na chawa wale. Watu waliovunjika nyonga, waliokatika mikono, wasiojua kama watatembea, walinyoa vichwa vyao kwa ajili ya mama ambaye hawakumjua. Wakati wazima wa mifupa walikuwa dukani wananunua kofia.

Wa Chini akasema, "Nisamehe."

Wa Juu aliweka kikombe chini. "Nani alitupa mchanga wangu?"

"Mimi."

"Nilijua ni wewe. Afadhali ni wewe." Akavuta pumzi, na sasa sauti ndiyo ilianza kumkatika. "Nikuambie linaloniuma? Si miguu. Miguu nimeililia nikamaliza, siku nyingine naililia tena kidogo, kisha naomba chai. Miguu ilichukuliwa na gogo, na gogo halina akili, siwezi kulikasirikia. Lakini kumzika mama yangu nilinyang'anywa na watu wanaonipenda. Walikaa wakasema, hataweza. Walimuuliza nani?"

Hebu mjibuni ninyi. Walimuuliza nani? Walimuuliza daktari? Hapana. Walimuuliza sista anayemgeuza kila siku? Hapana. Walimuuliza mwenyewe? Waliuliza miguu yake. Miguu ikasema haiwezi, nao wakafunga mkutano.

"Na jambo jingine," alisema Wa Juu. "Umeingia hapa, umepiga magoti, umelia, nimekusikiliza. Hujaona kwamba nimeketi?"

Hapo ndipo Wa Chini alipoona.

"Jumanne nilikaa mwenyewe. Sikushikwa. Nilikaa mpaka chai ikaisha kikombeni. Wodi nzima walipiga makofi, na mimi nikageuka kutafuta mtu wa kwetu wa kumwambia, nikakuta sina, maana ninyi mkija mnaniletea pole. Mnaniuliza nimekula, nimelala, nimepata choo. Bwana, mimi ninaishi. Humu ndani nina kazi. Kila anayeletwa akilia usiku wake wa kwanza, sista anamsogeza kwangu. Kuna siku mbaya, sikudanganyi, kuna siku natamani ukuta uniangukie. Lakini nyingi si hivyo. Wewe unadhani kila siku yangu ni ile siku ya gogo."

Wa Chini aliinuka, akaketi ukingoni mwa kitanda. Kisha, kwa shida, kama mtu anayejaribu mlango ambao hajui kama umefungwa, akauliza, "Unataka nini, ndugu yangu?"

"Nataka kuweka msalaba wa mama."

Baba mdogo alipopata habari alipinga. Barabara mbovu, mgongo huo, baridi hiyo, na akifika akaliona kaburi akazimia je? Alipinga mpaka daktari aliposema inawezekana, wamfunge vizuri na waende polepole. Alipinga mpaka siku yenyewe, akitembea nyuma ya machela na blanketi la akiba mkononi na chupa ya maji ya kumnyunyizia mgonjwa atakapoanguka.

Walimfikisha. Wakamketisha kwenye kiti, Wa Chini akakishika nyuma kisizame kwenye udongo. Wa Juu akashika msalaba kwa mikono yake miwili, ile mikono ya msumeno, akauchomeka, akaushindilia kwa ngumi mpaka ukasimama. Akalia, kwa sauti, kama mtoto wa kwanza anavyopaswa kumlilia mama yake. Akatwaa udongo, akautupa. Kisha akajifuta uso.

Na nyuma yao kikasikika kishindo. Baba mdogo alikuwa ameanguka chini. Mzee yule alikuwa hajalia tangu siku ya kwanza. Alikuwa na shughuli ya kuficha, na kuficha hakumwachii mtu nafasi ya kulia. Sasa ilikuwa imemfikia yote kwa pamoja, analia amelala kwenye majani, hawezi kuinuka. Watu wakamkimbilia, hawajui wamshike wapi.

"Msogezeni kwangu," alisema Wa Juu. Wakamsogeza. Wa Juu akakichukua kichwa cha baba yake mdogo akakilaza kwenye mapaja yake, yale mapaja yasiyosikia kitu, akamshika. "Lia, baba mdogo," akamwambia. "Lia tu. Mimi nipo."

Niambieni, siku ile pale kaburini, mgonjwa alikuwa nani?

Sasa niongee na sisi, na nitaongea bila kupaka mafuta. Sisi ni hodari wa huruma. Kijiji hiki mtu akivunjika, kuku wanapatikana, nauli inapatikana, zamu ya kulala hospitali inapatikana, na Mungu anayaona hayo. Lakini tuna tabia moja. Mtu akipoteza kiungo, tunamnyang'anya na vilivyobaki. Tunamnyang'anya habari, tunamnyang'anya maamuzi ya nyumba yake, tunamnyang'anya ugomvi wake na mkewe, tunamnyang'anya hata huzuni yake, tukisema tunampumzisha. Tunakaa sebuleni kwake tunaongea kwa sauti ya chini habari zake, naye yuko chumbani anatusikia. Na tukitoka tunasema, maskini, maisha gani yale. Wewe umeyaishi? Umemuuliza anayeyaishi?

Sisemi kwamba maumivu si kitu. Yupo anayeamka kila siku na maumivu, yupo ambaye siku zake mbaya ni nyingi kuliko nzuri, naye asibebeshwe mzigo wa kuwa shujaa ili sisi tujisikie vizuri. Huyo naye tumsikilize hivyo hivyo. Ninalosema ni kwamba nguvu iliyomo ndani ya mtu haipimwi kwa macho ya mgeni wa Jumamosi. Mungu anapomwachia mtu pumzi, hajamwachia nusu mtu.

Na msidhani nimetoka huko nyanda za juu kuja kuwafurahisha. Nitawauliza jambo la hapa hapa, kisha nimalize. Yule mwalimu wetu wa kwaya, aliyevunjika nyonga kwa ajali ya pikipiki kabla ya mavuno. Kila Jumapili tunamwombea kwa jina. Wiki hii mmekwenda kumtazama, mmemwimbia, mmempelekea sukari. Vizuri. Nani kati yenu amemwambia kwamba nafasi yake tumeshampa mtu mwingine?

Wazee wa kanisa mnaangalia viatu. Mlisema, tusimuumize. Mlisema, tusubiri apate nguvu. Mlimuuliza kama hawezi tena kufundisha akiwa ameketi? Kwani wimbo unatoka kwenye nyonga?

Nikishatoa baraka, nakwenda nyumbani kwake, na joho hili hili. Anayetaka kuongozana nami aje, na mwalimu mpya wa kwaya wewe utatangulia mbele. Tutamwambia ukweli wote, bila kuukata kona. Kisha tutafunga midomo, na yeye ndiye atakayesema kwaya hii inaimbishwa na nani Jumapili ijayo.